Bitiruti inywewe, dozi ya moyo isikatwe

Bitiruti imepanda cheo Mwanza. Zamani ilikuwa ya kachumbari za hotelini na ya mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake ni ndogo. Akitoka hapo anapita soko la Mlango Mmoja, ananunua fungu lake, anasaga na tangawizi, anakunywa. Siku hizi imetoka sokoni ikaingia kwenye kopo. Imekaushwa, imesagwa, imejazwa kwenye vidonge, na inanadiwa kwa spika ndogo zile zinazorudia maneno yaleyale mchana kutwa: inaongeza damu, inashusha presha, inarudisha nguvu za kiume, inazibua mishipa ya moyo.

Dai hili la mwisho ndilo linalohitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Limejengwa juu ya sayansi ya kweli, tofauti na mengi yanayopita kwenye spika hizo. Na kwa sababu lina ukweli ndani yake, linaweza kumfikisha mgonjwa wa moyo kaburini upesi kuliko uongo mtupu ambao angeutilia shaka tangu mwanzo.

Ukweli wenyewe ni huu. Bitiruti hufyonza nitrati kutoka udongoni na kuihifadhi kwa wingi kwenye kiazi chake. Mtu akiila, nitrati huingia kwenye damu, kisha tezi za mate huikusanya na kuirudisha kinywani. Juu ya ulimi wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti. Ikimezwa tena, mwili huifanya nitriki oksaidi, gesi inayoiambia misuli ya kuta za mishipa ilegee. Mshipa ukilegea, njia hupanuka na presha hushuka. Ndiyo maana mtu anayesukutua kila siku kwa dawa kali ya kuua vijidudu vya kinywa huipotezea juisi yake sehemu kubwa ya kazi: amewaua vibarua wake mwenyewe.

Kazi ya gesi hiyo mwilini iliwapa Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa kutengeneza baruti kutokana na nitrogliserini, alipougua moyo mwishoni mwa maisha yake aliandikiwa na madaktari nitrogliserini hiyohiyo, naye akaona hatima inamfanyia mzaha. Dawa hiyo ipo mpaka leo. Ni kile kidonge ambacho mgonjwa wa kubanwa kifua hukiweka chini ya ulimi.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, waliwanywesha watu wenye afya nusu lita ya juisi ya bitiruti, na baada ya saa mbili na nusu hivi presha yao ya juu ikashuka kwa takriban pointi 10. Mwaka 2015 kundi hilohilo likarudi na wagonjwa 64 wenye shinikizo la juu la damu. Nusu walikunywa robo lita kwa siku, nusu wakapewa juisi ya rangi na ladha ileile iliyoondolewa nitrati. Baada ya wiki nne, wenye juisi kamili walikuwa wameshuka kwa karibu pointi 8, na wale wengine hawakupata nafuu ya maana. Utafiti huo una faida moja kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa: unamwonyesha kwamba wekundu wa bitiruti haufanyi chochote kwenye presha. Nitrati ndiyo inayofanya kazi, nayo haina rangi.

Tanzania nayo imechangia. Watafiti kutoka Uingereza walishirikiana na wenzao wa hospitali ya KCMC na taasisi ya utafiti iliyoko Moshi, wakawachukua watu 47 wenye umri wa miaka 50 hadi 70 ambao presha zao zilikuwa juu. Kwa siku 60 baadhi yao walikunywa chupa ndogo ya juisi nzito yenye miligramu 400 hivi za nitrati kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa kipimo kinachovaliwa saa 24, kundi lililokunywa juisi peke yake lilishuka kwa karibu pointi 11, na lililopewa juisi pamoja na vidonge vya asidi ya foliki likashuka kwa pointi 6, ilhali waliopewa juisi isiyo na nitrati walibaki palepale walipokuwa. Watu 47 ni wachache, na watafiti wenyewe waliuita mradi huo wa majaribio. Hata hivyo unahesabika. Ulifanyika kwa Watanzania, wanaokula ugali na kunywa maji ya Tanzania.

Kisha ikaja habari iliyowafurahisha wauzaji. Juni 2023, katika mkutano wa madaktari wa moyo wa Uingereza jijini Manchester, yalitolewa matokeo ya wagonjwa 300 wa hospitali ya Barts, London. Hawa walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe, na walikuwa wamewekewa stenti, yaani kimirija cha waya kinachoshikilia mshipa usizibe. Kwa miezi sita walikunywa mililita 70 za juisi nzito ya bitiruti kila siku, au juisi isiyo na nitrati. Ndani ya miaka miwili, asilimia 16 ya waliokunywa juisi tupu walipata mshtuko wa moyo, walifariki au walihitaji kurudishwa kwenye matibabu ya mishipa. Kwa waliokunywa yenye nitrati, ni asilimia 7.5.

Ni matokeo mazuri. Mtu asiyeyashangilia ana roho ngumu.

Lakini utafiti husomwa pamoja na masharti yake. Kwanza, kila mgonjwa wa Barts alikuwa akitumia dawa zake zote za moyo, na juisi iliongezwa juu ya dawa hizo. Hakuna aliyeambiwa aache kidonge ili ajaribu kiazi. Pili, kipimo kikuu cha utafiti ule kilikuwa kiasi ambacho mshipa ndani ya stenti umesinyaa tena. Hesabu ya vifo na mishtuko ilikuwa ya pembeni, kwa watu ambao nusu yao ni 150 tu. Madaktari wanaojua takwimu wataomba utafiti mkubwa zaidi kabla ya kuuandika kwenye mwongozo wa tiba. Na Uskochi, kule Aberdeen, wagonjwa wa kubanwa kifua waliopewa nitrati kwa muda mfupi hawakupata nafuu ya kueleweka walipopimwa wakifanya mazoezi.

Sharti la tatu ndilo wanalolificha wenye spika. Hakuna hata mmoja kati ya watafiti hao aliyeona mshipa uliozibuliwa. Mshipa wa moyo si bomba la jikoni linalozibuliwa kwa kumiminiwa kitu. Kinachouziba kimejengeka ndani ya ukuta wake kwa miaka: mafuta, chembe za uvimbe, makovu, chokaa. Siku tabaka la juu linapopasuka, damu huganda mahali pale kwa dakika chache, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Juisi inaweza kuulegeza mshipa. Kuubomoa ukuta huo haiwezi.

Msomaji wa Kirumba au Nyegezi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, maana ugonjwa wa mishipa ya moyo unasemwa kuwa wa wazungu na wa matajiri. Mlimani Bugando wana jibu. Kati ya mwaka 2009 na 2011, madaktari wa hospitali hiyo ya rufaa na washirika wao wa Chuo Kikuu cha Cornell waliandika kila mtu mzima aliyelazwa wodi za magonjwa ya ndani, jumla wagonjwa 11,045. Kati ya magonjwa yasiyoambukiza, presha na matokeo yake ndiyo yaliyoongoza, na kwa waliovuka miaka 50 ndiyo yaliyoua zaidi. Moshi nako, watafiti waliwapima kwa umakini watu 681 waliofika chumba cha dharura wakilalamika kifua kuuma au pumzi kubana. Waligundua kwamba 152 walikuwa na mshtuko wa moyo, wengi wao wakiwa wamepewa jina la ugonjwa mwingine. Ndani ya siku 30, asilimia 43 ya hao walikuwa wamekufa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020, na ulipaswa kusomwa kwa sauti katika kila zahanati.

Kwa hiyo ugonjwa upo, isipokuwa huitwa majina mengine: vidonda vya tumbo, uchovu, nimonia, au amerogwa.

Anayebahatika kugunduliwa huanza safari. Mtu wa Sengerema leo anavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, bila kusubiri kivuko. Hospitalini anapigwa kipimo cha umeme wa moyo. Ikibidi, anapelekwa Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako katheta hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au paja hadi moyoni, na stenti huwekwa. Familia imeuza ng'ombe, imechangisha kwenye vikundi vya simu, imekopa. Mgonjwa anarudi Mwanza na mfuko wa dawa: aspirini, klopidogreli, atorvastatini, na za presha. Daktari amemwambia asiache hata moja. Klopidogreli hasa hutumiwa kwa miezi mingi kwa sababu stenti mpya ni kitu kigeni ndani ya damu, na dawa ikikatwa mapema damu inaweza kuganda juu yake ghafla. Mgando huo huua.

Miezi mitatu baadaye mfuko umeisha. Mgonjwa anajisikia vizuri, kifua hakibani, na hapo ndipo kopo linapobisha hodi. Shemeji ameleta. Jirani anashuhudia. Bei ya kopo na bei ya dozi ya mwezi zinagombania noti zilezile, na kopo lina faida ambayo dozi haina: halihitaji foleni, halina daktari wa kugomba, na limeandikwa kuwa ni la asili. Wenye kumbukumbu watakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, watu wakifuata kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Maji yale ya mizizi huenda hayakumdhuru mtu. Walioumia ni wale walioacha dawa zao nyumbani wakiamini wamepona.

Mgonjwa wa moyo anayekunywa bitiruti na kumeza dozi yake yote hana sababu ya kugombezwa na mtu. Makosa yanaanza kopo linapochukua nafasi ya kidonge, na anayelipigia debe kopo hilo kwa maneno ya kuzibua mishipa anashiriki makosa hayo, hata kama hakutamka neno acha.

Wapo watakaosema: kitu cha asili kitadhuru vipi? Wapewe kisa cha ajinini. Hii ni asidi amino iliyomo kwenye vyakula vingi, na mwili huitumia kutengeneza nitriki oksaidi, gesi ileile. Hoja ilikuwa nzuri kama ya bitiruti, na makopo yake yaliuzwa dunia nzima. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, wakaijaribu kwa watu 153 waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Watu sita waliopewa ajinini walifariki. Kwa upande wa pili hakufa hata mmoja. Jaribio lilisimamishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Bitiruti haina doa kama hilo, na huenda haitalipata kamwe. Lakini kisa hicho kinatosha kumnyamazisha yeyote anayedhani kwamba njia nzuri kwenye mchoro ni tiba tayari kwenye mwili wa mgonjwa.

Halafu kuna swali la kilichomo ndani ya kopo. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Indiana, Marekani, walipima zaidi ya bidhaa 20 za bitiruti zinazouzwa kwa wanamichezo. Kiasi cha nitrati kilitofautiana mno kati ya bidhaa na bidhaa, na hata kati ya chupa na chupa ya kampuni moja. Nyingi hazikufikia kiwango kilicholeta matokeo kwenye tafiti. Hiyo ni Marekani, kwenye maabara kila kona. Unga uliofungwa upya kwenye mfuko wa nailoni mtaani umepimwa na nani? Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula umehamia Shirika la Viwango, TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Muuzaji mjanja anatumia mwanya huo vizuri: kwenye kibandiko bidhaa ni chakula, kwenye spika ni dawa. Tangazo la mdomo lingehesabiwa sawa na lililochapwa, nusu ya spika zingezimwa kesho.

Wagonjwa wengine wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Bitiruti ina potasiamu nyingi, na mwenye figo dhaifu, hasa akiwa anatumia spironolaktoni, enalaprili au losatani, anaweza kuilimbikiza hadi mapigo ya moyo yavurugike. Ina oksaleti pia, ambayo mtu aliyewahi kupata mawe ya figo hahitaji kuongezewa. Juisi ya kibandani yenye sukari vijiko vinne haimfai mwenye kisukari, hata iwe nyekundu kiasi gani. Na vile vidonge vinavyochanganya bitiruti na ahadi za chumbani ni vya kukimbiwa. Bidhaa za aina hiyo zimekamatwa katika nchi nyingi zikiwa zimetiwa sildenafili kwa siri, na sildenafili ikikutana na kidonge cha chini ya ulimi presha inaweza kuporomoka mpaka mtu asiamke. Mkojo mwekundu asubuhi, kwa upande mwingine, ni rangi tu. Umewapeleka wengi hospitalini bure.

Sasa mchicha.

Yule anayetafuta nitrati hana haja ya kutembea mbali. Mchicha ni miongoni mwa mboga zinazolimbikiza nitrati kwa wingi, na spinachi haiko nyuma. Zote mbili zinalimwa kwenye mabonde ya Mwanza yenyewe na huuzwa zingali na umande. Denmaki waliwafuatilia watu zaidi ya 50,000 kwa takriban miaka 23, na waliokula zaidi mboga zenye nitrati walikuwa na magonjwa ya moyo machache, kwa asilimia 12 kwa mishipa ya koronari na asilimia 26 kwa mishipa ya miguu. Kiasi kilichotosha kilikuwa kama kikombe kimoja cha majani mabichi kwa siku. Kuongeza zaidi ya hapo hakukuonekana kuongeza kinga. Ni kweli kwamba wala mboga wana mambo mengine mazuri, wanatembea zaidi, wanavuta sigara kidogo, na utafiti wa kufuatilia hauwezi kuyatenganisha yote. Lakini fungu la mchicha halijawahi kumtia mtu deni.

Wapishi wana la kujifunza hapa. Nitrati huyeyuka kwenye maji. Mgagani huchemshwa na maji yake kumwagwa ili uchungu utoke, na sehemu nzuri ya nitrati huenda nayo. Mchicha usiochemshwa, uliokaangwa haraka au kupikwa kwa maji machache yanayobaki chunguni, huhifadhi zaidi. Kwenye sahani hiyohiyo kuna mpinzani wake. Kayabo, sangara aliyekaushwa kwa chumvi ambaye Mwaloni Kirumba humpakia kwenda hadi Kongo, akiliwa bila kulowekwa humrudishia mgonjwa wa presha pointi zote alizoshusha kwa juisi. Sato mbichi wa mchuzi usio na chumvi nyingi yupo, bei yake ikiruhusu.

Upande wa hospitali nao una lawama yake. Mgonjwa akisema anakunywa bitiruti hukaripiwa, basi mara ya pili hasemi. Presha yake ikishuka kupita kiasi, au potasiamu ikipanda, daktari anabaki kubahatisha. Swali jepesi lingesaidia: "Mzee, ukiwa nyumbani unatumia kitu gani kingine zaidi ya hivi vidonge?" Likiulizwa kwa heshima, hujibiwa, kopo likaletwa kliniki siku inayofuata, na dozi ikapangwa kwa kujua. Mfamasia wa mtaani, ambaye mara nyingi anauza dawa za presha na makopo hayo kwenye rafu moja, anaweza kuuliza vilevile kabla ya kupokea fedha.

Mwanza ina watu wa kufanya kilichofanywa Moshi, na zaidi. Ina Chuo Kikuu cha Afya cha Wakatoliki palepale Bugando, ina NIMR tawi la Mwanza, na ina wagonjwa wa moyo wanaohudhuria kliniki kila wiki. Badala ya juisi nzito ya chupa inayoagizwa kutoka Uingereza, ungejaribiwa mchicha wa bondeni, uliopimwa nitrati yake, ukapikwa kwa namna mbili tofauti, kwa wagonjwa wanaoendelea na dozi zao zote na kuvaa kipimo cha presha cha saa 24. Gharama yake si ya kutisha, na jibu lake, liwe ndiyo au hapana, lingemfaa mama wa Igoma mwenye stenti kifuani kuliko ripoti ya Manchester. Kabla ya hapo, Bima ya Afya na hospitali zina kazi ya karibu zaidi: kuhakikisha aspirini, atorvastatini na klopidogreli hazikosekani dirishani siku mgonjwa anapokuja kujaza mfuko wake.